Kutoka leba hadi takwimu: namna matatizo makubwa ya ujauzito yanavyoandikwa na kupewa msimbo

"Mjamzito, presha iko juu, amepata degedege, amepewa dawa, apelekwe mbele kwa matibabu zaidi."

Barua za rufaa za namna hii bado zinaandikwa katika zahanati zetu za mkoa wa Dodoma, iwe ni Bahi, Chemba, Kongwa au Mpwapwa. Anayeandika mara nyingi yuko peke yake zamu ya usiku. Mama yuko kitandani anakakamaa, mume na mama mkwe wamesimama mlangoni, gari limeshaombwa kwa kupiga 115, namba ya dharura ya kusafirisha wajawazito. Katika hali hiyo mtu anaandika anachoweza, na siwezi kumlaumu muuguzi aliyemshika mama kabla ya kushika kalamu. Hata hivyo barua hiyo ndiyo ukurasa wa kwanza wa faili litakalosomwa na watu wengi: daktari wa zamu atakayempokea mgonjwa, mtunza kumbukumbu atakayelifunga faili, mhakiki wa madai ya bima, kamati ya kujadili vifo vitokanavyo na uzazi endapo mama atafariki, na hatimaye mtu wa Wizara anayejumlisha namba za nchi nzima. Wote hao wanategemea maneno hayo machache.

Wengi wetu tunaofanya kazi za afya tunaichukulia misimbo ya magonjwa, yaani namba maalumu inayopewa kila ugonjwa, kama shughuli ya ofisini, ya watu wa kompyuta, inayofanyika mgonjwa akishaondoka. Sivyo ilivyo. Mtunza kumbukumbu haruhusiwi kubuni. Hata akiona kwenye chati kwamba mama alichomwa magnesiamu salfeti (MgSO4), dawa ya kuzuia degedege, na kwenye karatasi ya maabara kwamba chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka, hawezi kuandika jina la ugonjwa kama daktari au mkunga hakuliandika. Atauliza, na asipopata jibu ataweka namba ya kile kidogo alichokikuta. Kwa hiyo ubora wa msimbo unaamuliwa leba na wodini, saa nyingi kabla faili halijafika masijala.

Namba zenyewe zinasema nini

Misimbo tunayotumia inatokana na Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, maarufu kwa jina la ICD-10, lililopitishwa mwaka 1990. Ujauzito, kujifungua na siku za baada ya kujifungua vimepewa sura yao, sura ya 15, na misimbo yake yote huanza na herufi O. Ni herufi, si sifuri. Nalisema hili kwa sababu kwenye kompyuta vitu hivi viwili vinafanana, na mfumo ukisoma sifuri utakataa.

Baada ya herufi huja tarakimu mbili zinazotaja kundi la tatizo, kisha nukta na tarakimu moja inayolifafanua. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba habari. Chukua priklampsia, yaani presha inayopanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, kuanzia 140/90, ikiambatana na protini kwenye mkojo au dalili za viungo kuumia. Kundi lake ni O14. Ikiwa ya kadiri ni O14.0. Ikiwa kali, kwa mfano presha imefika 160/110, au kichwa kinauma bila kutulia, macho yanaona giza, tumbo la juu linauma, ni O14.1. Pale chembe nyekundu zinapopasuka, ini linapoumia na chembe sahani zinaposhuka, hali ambayo hospitalini inaitwa HELLP, ni O14.2. Na kama mwandishi ameandika "priklampsia" tu akaishia hapo, inakuwa O14.9, maana yake haikuelezwa ni ya kiwango gani.

Mama akishapata degedege tunatoka O14 tunaingia O15, kifafa cha mimba. Hapa tarakimu ya mwisho inauliza swali la wakati. Lilimpata akiwa bado mjamzito, hajaanza uchungu: O15.0. Wakati wa uchungu na kujifungua: O15.1. Baada ya kujifungua: O15.2. Wakati haukutajwa: O15.9.

Kuna atakayesema tofauti hizo ni za wataalamu tu. Mimi naona ni tofauti kati ya mipango miwili isiyofanana kabisa. Wilaya ambayo vifafa vyake vingi ni O15.0 ina tatizo kliniki: presha haipimwi, au inapimwa na hakuna anayechukua hatua. Wilaya yenye O15.2 nyingi inawaruhusu akina mama mapema mno bila kuwapima tena presha, au haiwafuati nyumbani. Zikiwa zote ni O15.9, mganga mkuu wa wilaya anajua tu kwamba ana vifafa vya mimba. Hajui aende akarekebishe wapi.

Faili moja, misimbo miwili

Tuchukue mfano. Nimeuunda mwenyewe, ila kila kipande chake kinatokea. Mama wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki 35, kutoka kijiji kimoja cha Chamwino. Kichwa kimemuuma siku mbili. Usiku anapata degedege nyumbani, anafikishwa zahanati, presha ni 170/115, mkojo una protini alama tatu. Anachomwa dawa, anasafirishwa. Hospitali anapata degedege la pili, anafanyiwa upasuaji, mtoto anatoka hai. Chembe sahani ni 62,000. Anakaa chumba cha uangalizi maalumu siku mbili, anapona. Siku ya kuondoka karatasi ya ruhusa inasema: "PE, kafanyiwa upasuaji, mama na mtoto wanaendelea vizuri."

Mtunza kumbukumbu makini atanyanyua simu kupiga wodini.

"Sista, samahani, hapa mmeandika PE. Ni PE ipi?"

"Priklampsia, kaka. Mbona inaeleweka?"

Kwa aliyekuwa wodini usiku ule inaeleweka. Kwa mwingine, PE ni donge la damu lililoziba mshipa wa mapafu, jambo ambalo nalo humpata mzazi na nalo huua, na lina msimbo wake mwingine kabisa, O88.2. Wengine huandika PE wakimaanisha uchunguzi wa mwili. Kifupisho hiki kimoja kinaweza kumhamisha mama kutoka kundi la presha kwenda kundi la damu kuganda, na hakuna mfumo wa kompyuta utakaoligundua kosa hilo, kwa kuwa namba zote mbili ni halali.

Tuseme hakuna aliyepiga simu. Faili litapata O14.9, au baya zaidi litapata O82, namba ya kujifungua kwa upasuaji. Kanuni ya ICD-10 iko wazi: namba za O80 hadi O84, zinazotaja njia ya kujifungua, zinakuwa sababu kuu ya kulazwa pale tu ambapo hakuna tatizo lingine la sura ya 15 lililoandikwa. Lakini ndizo rahisi kukumbukwa, na mafaili mengi hufungwa kwazo kwa uchovu wa mwisho wa mwezi. Binti yule aliyekakamaa mara mbili anaingia kwenye takwimu kama mzazi aliyepasuliwa akatoka salama. Kama faili lingeandikwa "kifafa cha mimba, degedege la kwanza kabla ya uchungu kuanza, wiki 35", lingepata O15.0 bila ubishi. Na daktari angetazama zile chembe sahani 62,000 pamoja na vipimo vya ini, akaandika kama ni HELLP au siyo, O14.2 ingeongezwa pembeni.

Suala la saa nalo lina mtego wa kwetu. Mume anaposema degedege lilianza saa tatu usiku, anamaanisha saa 21:00. Mwandishi aliyezoea saa za Kizungu darasani anaweza kuandika 3 usiku, na anayesoma kesho yake akaelewa ni 03:00. Saa sita zimepotea, na saa sita kwa mama mwenye kifafa cha mimba ni nyingi mno. Faili liandikwe kwa saa 24, basi.

Dawa na saa yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa maandishi yanaingia mwilini mwa mgonjwa moja kwa moja. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti inayotumika sana kwetu ni gramu 4 kwenye mshipa polepole na gramu 10 kwenye misuli, gramu 5 kila tako. Baadaye zinafuata gramu 5 kila baada ya saa nne. Kabla ya kila dozi inayofuata mkunga anapima vitu vitatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa. Dawa hii hutolewa na figo. Mkojo ukipungua, dawa inajikusanya, na ikijikusanya inazima misuli ya kupumua. Dawa ya kuibatilisha ni kalsiamu glukoneti gramu 1, ambayo inapaswa kuwa jirani na kitanda.

Sasa rudi kwenye ile barua: "amepewa dawa." Dawa gani? Kama ni diazepamu, daktari anayepokea anapaswa kuanza dozi kamili ya magnesiamu mara moja. Kama ni gramu 10 za magnesiamu za kwenye misuli, akianza upya dozi nzima anaweza kumfikisha mama pabaya. Akiogopa asimpe chochote, degedege linaweza kurudi. Mstari mmoja ungemaliza utata: "MgSO4 gramu 10 kwenye misuli, saa 22:15." Utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2002 ulioitwa Magpie ulithibitisha kwamba dawa hii inapunguza zaidi ya nusu ya hatari ya kifafa kwa mama mwenye priklampsia. Tunayo, ni ya bei nafuu. Inataka tu iandikwe.

Tukiwa hapohapo kwenye degedege: Dodoma si miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, tofauti na Kigoma, Kagera au Mtwara. Mjamzito wa wiki 30 na kuendelea anayekakamaa, ambaye faili lake linasema "malaria kali" bila matokeo ya kipimo, ni faili la kutiliwa shaka. Pengine presha yake haikupimwa kabisa.

Damu "nyingi" ni kiasi gani?

Kutoka damu kupita kiasi baada ya kujifungua, ambako wodini tunakuita PPH, ni kundi O72. Kondo la nyuma likiwa limenasa: O72.0. Damu ya saa 24 za kwanza kondo likiwa limeshatoka, na mara nyingi mji wa mimba ndio umelegea: O72.1. Damu inayokuja baadaye, siku au wiki kadhaa mama akiwa ameshaenda nyumbani: O72.2. Damu inayokataa kuganda: O72.3. Kama mji wa mimba umechanika wakati wa uchungu, hiyo ni O71.1 na iandikwe hivyo, maana anayesoma "PPH" peke yake hataona kwamba chanzo kilikuwa uchungu pingamizi uliokaa muda mrefu.

Tatizo la damu huanza kabla ya kalamu. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa mililita 500 kwa aliyejifungua kawaida, lakini nani alipima? Mkunga alitazama kitenge na beseni akakadiria. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za mililita unaotandikwa chini ya mama. Katika hospitali zilizotumia mfuko huo pamoja na mpango wa matibabu ya haraka, asilimia 93 ya waliotoka damu kupita kiasi waligunduliwa. Katika hospitali zilizoendelea kukadiria kwa macho, ni asilimia 51. Na matatizo makubwa ya damu yalipungua kwa asilimia 60 pale walipopima na kutibu kwa mpangilio.

Takriban nusu ya waliotoka damu kupita kiasi katika hospitali za kukadiria, basi, wasingepata O72 kwenye mafaili yao hata kama mtunza kumbukumbu ni hodari kiasi gani. Hawakuonekana tangu mwanzo. Ndiyo maana nasema kwenye faili paandikwe namba na namna ilivyopatikana: "mililita 900, imepimwa", au "mililita 900, makadirio". Msomaji atajua uzito wa kuipa kila moja.

Magonjwa yaliyokuja na mama

Si kila mjamzito anayeumwa sana anaumwa kwa sababu ya mimba. Wapo wenye moyo mbovu tangu utotoni, selimundu, upungufu wa damu, Virusi vya UKIMWI, kifua kikuu. ICD-10 inataka magonjwa haya yanapougusa ujauzito yapewe kwanza msimbo wa sura ya 15, kisha msimbo wa ugonjwa wenyewe uongezwe. Upungufu wa damu wa mjamzito ni O99.0, ugonjwa wa moyo ni O99.4, malaria ni O98.6, VVU ni O98.7. Mtu akiweka B50 ya malaria peke yake, hesabu ya malaria itapanda na hesabu ya wajawazito wanaougua malaria itabaki ilivyo.

Kosa hili hutokea zaidi nje ya wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita anakuja na degedege kupitia mapokezi ya dharura, analazwa wodi ya magonjwa ya ndani, na hakuna aliyemuuliza mtoto wako ana umri gani. Binti wa miaka 17 anafanyiwa upasuaji kwa "tumbo kali", kumbe ni mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, O00. Mwingine analazwa na homa kali na hataki kusema kwamba mimba imetoka. Wote hawa hawamo kwenye rejesta ya leba, kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, ambacho ndicho chanzo kikuu cha namba za matatizo ya uzazi zinazopanda kila mwezi kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Yupo pia anayehesabiwa mara mbili, zahanati alikoanzia na hospitali alikopelekwa. Takwimu zetu zina watu waliozidi na watu waliopungua kwa wakati mmoja. Swali moja wodini kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa, "una ujauzito, au umekuwa nao ndani ya mwaka mmoja uliopita?", lingerudisha wengi mahali pao.

Mama akifariki

Kifo cha uzazi kimataifa ni kifo cha mwanamke akiwa mjamzito au ndani ya siku 42 tangu ujauzito ulipoisha, kwa sababu inayohusiana na ujauzito au iliyochochewa nao au na matibabu yake. Ajali haimo. Kikitokea baada ya siku 42 lakini kabla ya mwaka kwisha, ni kifo cha uzazi cha baadaye, O96.

Kwenye cheti cha sababu ya kifo kuna sehemu mbili. Ya kwanza ina mistari inayoshuka: juu kabisa kilichomuua moja kwa moja, chini yake kilichosababisha hicho, na chini zaidi kilichoanzisha mlolongo wote. Ule wa mwisho ndio chanzo cha msingi, na ndio unaohesabiwa kitaifa. Sehemu ya pili ni ya mambo yaliyochangia. Cheti kizuri kinasomeka hivi: (a) mshtuko wa kupungukiwa damu, (b) kutoka damu baada ya kujifungua, (c) mji wa mimba kulegea, sehemu ya pili, upungufu wa damu. Pembeni ya kila mstari muda wake, na kisanduku cha ujauzito kimejazwa.

Vyeti vibaya vinasema "moyo kusimama". Moyo wa kila aliyefariki umesimama. Hapo mtunza kumbukumbu, kama anajua marehemu alikuwa mzazi lakini hana zaidi ya hilo, anabaki na O95: kifo cha uzazi, sababu haikutajwa. Na kama hata ujauzito haukutajwa, mama huyo anahesabiwa miongoni mwa waliokufa kwa moyo, na kwenye vifo vya uzazi hayumo.

Uzito wake unaonekana kwenye namba za nchi. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015/16 ulipata vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukapata 104. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Watu wamebishana sana juu ya tofauti hizi. Utafiti wa kaya hupata namba yake kwa kuwauliza watu kuhusu dada zao waliofariki; Umoja wa Mataifa hutumia hesabu zinazounganisha vyanzo mbalimbali. Njia zote mbili zinatumika kwa sababu moja: vyeti vya vifo vyenye sababu sahihi havijatosha kuhesabia. Mwelekeo wa kushuka naufurahia kwa dhati. Ningependa siku moja tuusome kutoka kwenye vyeti vyetu wenyewe.

Utaratibu wa kitaifa wa kufuatilia vifo vya uzazi unataka kifo kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe ndani ya siku saba, bila kutaja majina na bila kulaumu. Kanuni hiyo ya kutolaumu inapovunjwa, maandishi ndiyo yanayoumia kwanza. Patografu, chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, inajazwa upya usiku wa kuamkia kikao, mistari yote imenyooka, kalamu moja, mwandiko mmoja. Kila mjumbe wa kikao anajua anachokitazama na hakuna anayejifunza. Kama jambo halikuandikwa kwa wakati, liongezwe wazi: "imeandikwa baadaye", saa halisi ya kuandika, saa tukio lilipotokea, sahihi. Maelezo ya namna hiyo yana heshima kisheria na kitabibu kuliko karatasi safi ya uongo.

Walionusurika

Kwa kila mama aliyefariki wapo wengi waliofika mlangoni mwa kifo wakarudi. Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo vya kuwatambua, na vinatazama viungo vilivyoshindwa kazi: mshtuko, kupumua zaidi ya mara 40 kwa dakika, kupoteza fahamu kwa saa 12 au zaidi, manjano kwa mwenye priklampsia, chembe sahani chini ya 50,000, kuondolewa mji wa mimba kwa ajili ya damu au maambukizi, kuongezewa damu uniti tano au zaidi. Binti wetu wa Chamwino mwenye 62,000 asingeingia kwa kigezo cha chembe sahani. Na uniti tano katika hospitali ambayo benki yake ya damu ina uniti tatu ni kigezo kisichofikika. Mama ataongezewa mbili kwa sababu ndizo zilizopo. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya Haydom, jirani zetu wa Manyara, walilionyesha tatizo hili na kupendekeza vigezo vya maabara na damu virekebishwe kwa mazingira kama yetu. Nakubaliana nao.

Marekani wanatumia njia nyingine: wanachambua misimbo ya mafaili ya walioruhusiwa kwa viashiria 21, kuongezewa damu kukiwa kimojawapo. Njia hiyo inafaa pale ambapo kila faili lina misimbo kamili. Kwetu, kwa sasa, daftari la wodi linaloandikwa kila asubuhi litaona zaidi.

Nikiwataja Wamarekani, tahadhari moja. Ukitafuta msimbo mtandaoni utaletewa O14.13 au O14.14. Hilo ni toleo lao lenye tarakimu za ziada za kipindi cha ujauzito au kujifungua. La Shirika la Afya Duniani linaishia O14.1, na fomu yenye namba ya Kimarekani inaweza kurudishwa. Kwa hospitali hilo ni suala la fedha, hasa sasa tunapokwenda na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mhakiki anayekuta siku mbili za uangalizi maalumu chini ya O80, kujifungua kawaida, ana haki ya kuhoji. Toleo la 11 la uainishaji huo, ICD-11, nalo lilianza kutumika kimataifa Januari 2022. Humo misimbo ya ujauzito huanza na J, kifafa cha mimba kikiwa JA25, na misimbo inaweza kuunganishwa ili kueleza zaidi. Atakayezoea kuandika wakati, kiwango na chanzo hatapata shida kuhamia huko.

Imebaki karatasi ya ruhusa, ambayo mama anaondoka nayo. Aliyewahi kupata priklampsia kali au kifafa cha mimba yuko kwenye hatari kubwa ya kurudiwa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni apewe aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, ianze kabla ya wiki ya 20 ya mimba inayofuata, pamoja na kalsiamu pale chakula kinapokosa madini hayo. Atakayeianza ni muuguzi wa zahanati ya kijijini, na ataianza kwa kusoma. Kwa hiyo kwenye karatasi ya ruhusa na kwenye kadi ya kliniki, RCH 4, paandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka: "Alipata kifafa cha mimba, wiki 35, mwaka huu. Mimba ijayo aanze kliniki mapema, apewe aspirini, ajifungulie hospitali." Na mama mwenyewe asomewe maneno hayo, pamoja na mume au mama mkwe aliyekuja kumchukua, kabla hawajapanda gari.